Punje Kifuani, Simu Karakana

Tuliachana pabaya, msomaji. Mama Punje amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto wake njiti amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na mkononi ana kikombe kidogo cha maziwa aliyoyakamua mwenyewe. Amegusa midomo ya mtoto kwa kikombe, haikufunguka. Ameingiza kidole ndani ya soksi. Baridi. Amepapasa kitanda kutafuta simu ampate Sista wa wodini, ndipo akakumbuka kuwa simu imeondoka na mumewe kwenda kazini.

Na hapo mlango ukagongwa.

Haya, tufungue.

Hakuwa Sista. Alikuwa mama mkwe, na beseni la maji yanayofuka mvuke.

"Nipishe, maji yanapoa."

"Ya nini hayo, mama?"

"Unaniuliza ya nini? Ya kumwogesha mjukuu wangu. Jana kalala, leo kalala, kama mlinzi wa benki. Maji ya moto yatamwamsha."

"Mama, Punje hanyonyi."

"Ndiyo nakwambia aoge. Mtoto akioga ananyonya."

"Amepoa. Hebu shika mguu."

Mama mkwe akatua beseni, akaingiza vidole ndani ya soksi, akavitoa upesi kama aliyegusa kitu cha watu. Tangu aje kukaa na mwanawe na mkwewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaacha maji yake yapoe.

Akalisukuma beseni pembeni kwa mguu. "Basi lete jiko humu ndani, tumweke karibu na moto."

"Hapana!"

"Hapana nini? Mimi nimezaa saba bila simu, na wote wana meno."

"Wako walitimiza miezi, mama. Huyu hakutimiza."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mama Punje hakuwa na nafasi ya kuomba radhi. "Nipe kitochi chako nimpigie mwanao."

"Salio halipo. Kinabipu tu."

"Basi kibipu!"

Mama mkwe akabipu. Simu ikaita mara moja, akakata. Wakasubiri, macho yao yote manne kwenye kile kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira. Hakikulia.

"Bipu tena."

Tuwaache hapo wakibipu, twende karakana.

Baba wa mtoto ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wanamwita Cheche. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mteja, miwani ya kuchomelea usoni. Simu kubwa ya familia, ile moja tu waliyonayo, ilikuwa juu ya meza ya vyuma. Huja nayo kazini kwa sababu wateja humtumia picha za mageti waliyoyaona kwa majirani zao wakayahusudu.

Ndani ya simu hiyo ndimo ilimo ile programu waliyowekewa siku ya kutoka wodini. Wazazi wa njiti wanaiita Nesi wa Mfukoni. Kila baada ya muda inalia na kuuliza: mtoto amenyonya? Ana joto? Anapumua vizuri? Mama naye, ana homa? Unajibu kwa kubonyeza sura: ya kijani ni salama, ya njano ni wasiwasi, nyekundu ni hatari. Majibu yanamfikia Sista huko hospitali. Akiona njano, anapiga simu. Akiona nyekundu, anaandaa kitanda.

Simu ikaruka juu ya meza.

"Mama yako," akasema mwenzake, mpaka rangi ambaye wote humwita Rangi, aliyekuwa akimalizia geti jingine la kijani juu ya pikapu ya mteja kando ya meza. "Amebipu."

"Anataka sukari. Kila siku sukari. Nitampigia baadaye."

Simu ikaruka tena, safari hii kwa mlio mwingine.

"Huyu sasa ni yule nesi wako wa kwenye kioo. Analia kama kuku anayetaga."

Cheche akainua miwani, akafuta kidole kwenye suruali. *Mtoto amenyonya?* Kijani. *Ana joto?* Kijani. *Anapumua vizuri?* Kijani. *Mama ana homa?* Akabonyeza kijani bila hata kumaliza kusoma.

Rangi alimtazama, brashi inadondosha. "Umempigia mkeo saa ngapi ukamuuliza?"

"Simu si ninayo mimi? Nitampigiaje?"

"Sasa unajuaje mtoto kanyonya?"

"Namjua mke wangu. Mtoto kwake hakosi."

"Kwa hiyo unajibu mtihani wa mwenzio."

"Rangi, paka geti."

Usimwone mjinga, msomaji. Wiki chache nyuma mkewe alibonyeza njano, mara moja tu, kwa sababu mtoto alicheua. Sista akapiga, akauliza, akasema njooni. Wakaenda. Wakabakizwa. Cheche alilala kwenye benchi la kibarazani mpaka mgongo ukachukua umbo la benchi, huku mkewe analia ndani na yeye haruhusiwi kuingia. Walipotoka aliapa kimoyomoyo: hakuna njano tena. Tangu hapo sura ya kijani imekuwa kama dua yake. Anaibonyeza na kuamini kuwa kuibonyeza ndiko kunakomweka mtoto nyumbani.

Simu ikaruka. Bipu. Ikatulia. Bipu. Ikatulia. Bipu.

"Leo mama yako anataka kiwanda chote cha sukari," akasema Rangi.

Cheche akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Mama yake hubipu mara moja, kisha akanuna. Akapiga.

"Mama, nini?"

Sauti haikuwa ya mama yake. "Baba Punje, mtoto hafungui mdomo. Amekuwa wa baridi. Bonyeza nyekundu."

"Wa baridi vipi?"

"Nyekundu, nakwambia! Bonyeza!"

Akabonyeza. Kidole kilikuwa na grisi, kioo kikakataa. Akafuta kwa shati, akabonyeza tena. Kioo chote kikawa chekundu, na kabla hajavuta pumzi simu ikaita.

"Baba Punje? Hapa Sista. Mpe mama simu."

"Mama yuko nyumbani."

"Na wewe uko wapi?"

"Kazini."

Nyuma ya Sista kulikuwa na watoto wanaolia vilio vidogo vidogo kama vya paka.

"Baba, dakika hizi hizi nimepokea majibu ya kijani kutoka simu hii. Amenyonya, ana joto, anapumua. Nani amejibu?"

Cheche alitazama geti. Akamtazama Rangi. Rangi akatazama brashi yake.

"Mimi."

"Na ya jana mchana?"

"Mimi."

"Baba," Sista alisema taratibu, na upole huo ndio uliomtisha Cheche kuliko kelele, "hii simu haina macho. Nilikuwa natazama kwa macho yenu. Kumbe macho yenyewe yalikuwa kazini. Nipe namba nyingine ya huko nyumbani, upesi."

Akampa namba ya kitochi. Sista akakata. Cheche akabaki amesimama katikati ya karakana, simu sikioni, anaongea na mtu ambaye hayupo.

"Panda," sauti ya Rangi ikatoka kwenye pikapu ya mteja. "Panda nyuma, ushike geti lisidondoke. Hatuna muda wa kulishusha."

Nyumbani, kitochi kililia. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akakibandika kwenye sikio la mkwewe.

"Mama, Sista hapa. Usimwogeshe. Usimpeleke kwenye jiko. Usimlazimishe kumeza. Mvalishe kofia, kaza kitambaa, shingo isikunjike. Sasa angalia tumbo. Linapanda?"

"Linapanda. Linashuka. Linapanda." Mama Punje akainama zaidi. "Sista, limesimama."

"Msugue mgongo! Kwa vidole, juu na chini. Usiache!"

Akasugua. Mgongo wenyewe si mgongo, ni upana wa vidole vitatu. Midomo ya mtoto ilianza kubadilika rangi. Mama mkwe alipiga magoti, kitochi bado mkononi, akaanza kuzipuliza nyayo za mjukuu wake kama mtu anayefufua makaa.

Punje akakohoa. Kikohozi kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

"Limepanda!"

"Endelea kumtazama. Usimtoe kifuani. Mje."

"Na gari?"

Honi ikajibu nje. Mama mkwe alichungulia, akashika mdomo. "Mungu wangu, wamekuja na geti."

Mbele walibanana watatu: Rangi kwenye usukani, Mama Punje na mzigo wake, mama mkwe mlangoni. Cheche alibaki nyuma, amelikumbatia geti lenye rangi mbichi, anatazama kisogo cha mkewe kupitia kioo. Kila shimo la barabara lilimpiga ubavuni. Alitaka kugonga kile kioo na kusema neno. Lipi?

Mbele, Mama Punje aliongea bila kuinua macho kutoka kifuani. "Siku mbili hizi Sista hakupiga hata mara moja. Nilidhani ametuchoka."

Rangi akabadilisha gia.

"Huyo nesi wenu si kitu," akasema mama mkwe. "Akipona mjukuu wangu nitakwenda kumwambia usoni."

Rangi akakanyaga mafuta.

Mlangoni mwa wodi walipokewa na Sista mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mtoto aliwekwa mezani chini ya taa ya joto, na daktari alikuwa tayari ameshavaa glovu.

"Historia," akasema daktari.

Sista akasoma kwenye kishikwambi chake. "Kwa mujibu wa majibu, amenyonya jana mchana, jioni, alfajiri na leo asubuhi. Lakini Daktari, hayo ya mchana na ya asubuhi..."

"Kama amenyonya alfajiri, hiki ni kifua. Maziwa yameenda njia mbaya. Leteni bomba tuyavute."

"Subiri, Daktari."

Aliyesema ni Cheche. Mikono yake ilikuwa ya kijani kwa rangi ya geti mpaka viwikoni.

"Majibu ya mchana na ya asubuhi ni yangu. Nilikuwa kazini. Sikumwona mtoto."

Mama Punje aligeuka. Mama mkwe aligeuka. Hata Rangi, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu asiyehusika, alirudi hatua moja nyuma.

"Ulikuwa unajibu unachomelea mageti?" aliuliza mkewe.

"Nilijua utakuwa umemnyonyesha."

"Ulijuaje?"

"Huwa hukosei."

Afadhali angetukanwa. Mkewe alimtazama tu, kisha macho yake yakamwacha Cheche yakaenda ukutani, kana kwamba pale aliposimama pamebaki nguo tupu.

"Mwanangu," mama yake akasema, "nikupige kofi hapa hapa au tukifika nyumbani?"

"Baadaye mtapigana," daktari akakata. "Alfajiri je? Nani alijibu ya alfajiri?"

"Alfajiri nilikuwa nimelala," akasema Cheche.

"Msinitazame mimi," mama mkwe akaruka. "Hicho kioo hata kukigusa naogopa."

Sista alimsogelea Mama Punje, akasimama karibu naye.

"Mimi," akasema Mama Punje.

Cheche akainua kichwa.

"Na alinyonya, mama?" daktari akauliza.

"Nilimpa. Yakatoka pembeni ya mdomo. Na ya jioni pia. Nikabonyeza kijani."

"Kwa nini?" Swali lilikuwa la Sista, lakini lilitoka taratibu.

"Mngeturudisha huku." Sauti yake ilikatika, akaiunga. "Hizi taa. Hivi vilio. Kitanda cha jirani yangu siku ile asubuhi nilikikuta kitupu, na hakuna aliyeniambia mtoto wake kaenda wapi. Nikasema, pakikucha akinyonya vizuri, nitakuwa sijadanganya. Nitakuwa nimewahi tu kusema."

Watu wawili kitanda kimoja, msomaji, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile, kwa kidole kile kile.

"Kwa hiyo mara ya mwisho aliyonyonya kwa macho yako?" daktari aliuliza.

"Juzi usiku. Jana asubuhi alionja tu."

"Bomba liwekeni pembeni." Daktari alikuwa tayari ameshageuka. "Hiki si kifua. Sukari imeisha mwilini, na sioni kwa nini asiwe na maambukizi kwenye damu. Mshipa, upesi. Tungehangaika na kifua tungempoteza."

Sindano nyembamba kama unywele iliutafuta mshipa kwenye mkono wa Punje, ikaukosa, ikautafuta kichwani. Mama mkwe alitoka nje. Cheche alibaki. Mkewe alibaki. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeijaza.

Tone la maji ya sukari likaingia. Likaingia la pili. Kidole kimoja cha Punje kikakunjika.

Ungedhani yameisha, msomaji.

"Hapa hatumwezi," daktari akasema. "Mashine za kusaidia pumzi zote zina watu. Anakwenda hospitali kubwa, sasa hivi. Nimeshawapigia, wanatungoja."

"Kile kisanduku cha joto cha kwenye gari kimekufa tangu wiki iliyopita," Sista akamkumbusha.

"Basi asafiri kifuani. Mama, jiandae."

Mama Punje hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishafungua vifungo. Sista alimsaidia kushika kitambaa, mkono wake ukamgusa shingoni, ukaganda pale.

"Mama. Unachoma kama pasi. Tangu lini?"

Mama Punje akavuta kitambaa kifuani.

"Kuna swali la homa ya mama kwenye simu."

"Nalo nilibonyeza kijani."

Sista alifumba macho, akayafumbua. "Humbebi. Wewe mwenyewe ni mgonjwa. Utabaki hapa, utatundikiwa dripu, usibishane na mimi." Akageuka. "Baba, pale bombani. Nawa, mpaka juu ya kiwiko, mpaka kifuani. Halafu hilo shati livue."

"Mimi?"

"Kuna baba mwingine hapa?"

Rangi ya geti haikutaka kutoka. Alisugua mpaka ngozi ikawaka. Akavua shati. Kifua chake kilikuwa na vidoa vidoa, makovu ya miaka ya cheche za moto. Alikiangalia kama mtu anayeonyeshwa chumba asichokuwa na uhakika kama kinafaa kupangisha.

Mkewe ndiye aliyemfunga. Hakukubali Sista afanye. Alimweka mtoto wima katikati ya kifua cha mumewe, akageuza shavu upande, akazungusha kitambaa, akavuta.

"Usimbane. Shingo. Hapana, hivi. Mkono wako hapa chini, usiutoe hata ukiwashwa."

"Mama Punje, mimi..."

"Nyamaza." Alikaza fundo. Joto la homa lilitoka kwake kama kwenye mlango wa tanuri. "Huko njiani wakikuuliza, sema unachokiona. Si ninachotaka kusikia mimi. Si unachotaka wewe. Unachokiona."

Akaketi kitandani, akanyoosha mkono wa kutundikiwa dripu.

Mlango wa gari ukafungwa. King'ora kikalia. Sista alikaa mkabala na Cheche, mkono mmoja umeinua chupa ya dripu, wa pili umeshika mrija wa hewa usichomoke, na gari linaruka kila bonde. Blanketi lilikuwa limemfunika mtoto mpaka kofiani. Sista asingeweza kuona kitu kutoka pale alipokaa.

"Baba, anapumua?"

Cheche aliinamisha kidevu. Gari linatetemeka, yeye anatetemeka, moyo wake unapiga kama nyundo ya karakana. Kipi ni cha mtoto, kipi ni cha barabara? Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, jepesi, limezoea njia.

Akaizuia pumzi yake mwenyewe ili asichanganye. Akaweka kiganja juu ya ule mgongo mdogo. Akangoja.

"Baba, nimekuuliza."

"Sista," akasema Cheche, "sisikii pumzi yake. Mwambie dereva asimamishe gari."